Keki ya Tabaka ya Shokola na Daftari la Jikoni Lubumbashi

Katika baadhi ya nyumba za Lubumbashi, hasa zile ambazo babu alikuwa mpishi wa Wazungu au mfanyakazi wa Union Minière, huhifadhiwa daftari la shule lenye kurasa zilizolowa mafuta. Ndani yake mmeandikwa kwa Kifaransa, kwa mkono wa bibi au wa shangazi, namna ya kupika keki ya tabaka ya shokola: mayai sita, sukari, siagi, unga, kakao, levure pakiti moja, moto wa wastani, dakika arobaini. Daftari hilo hutolewa siku ya komunyo ya kwanza, siku ya arusi, au siku ambayo mtoto wa nyumba amepata digrii. Bibi anapokuwa hai hakuna anayelitazama sana, kwa kuwa yeye mwenyewe yuko jikoni na anasema la kufanya. Akishafariki, mjukuu hulifungua, hufuata kila neno lililoandikwa, na keki huumuka vizuri kwa robo saa kisha hudidimia katikati kama kichuguu kilichonyeshewa mvua.

Kitendawili hiki ni cha mpishi, lakini ni cha mwanaisimu pia. Daftari limesema kweli na limetii, kilichokosekana hakikuandikwa. Makala haya yanaeleza jinsi keki hiyo inavyopikwa, ilikofikia Lubumbashi, na ni kwa nini sehemu ya mapishi inayoiokoa imebaki katika Kiswahili cha mdomo peke yake.

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia ya Kaskazini, iliufikia. Unga wa ngano haukuwa chakula cha nchi. Uliletwa kwa ajili ya mkate wa Wazungu, nao wenyeji waliendelea na bukari wao wa mahindi na muhogo. Watu wa kwanza wa Katanga kushika mwiko wa keki walikuwa wanaume. Hili husahaulika upesi, kwa sababu leo keki ni kazi inayohesabiwa kuwa ya mama. Katika nyumba za wakoloni mpishi alikuwa mwanamume, aliyefundishwa kwa maneno machache na kwa makaripio mengi, na mara nyingi bila kusomewa kitabu chochote. Alijifunza kwa kutazama, akayapa mambo majina yake, kisha akayapeleka nyumbani. Ni jambo la kufaa kukumbuka kwamba mojawapo ya maandishi muhimu kabisa katika Kiswahili cha mji huu, yaani Vocabulaire de ville de Elisabethville ya André Yav, ya mwaka 1965, ilitungwa kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Watu wale wale ambao wengine waliwadhania kuwa na lugha ya kuamriwa tu ndio walioandika historia ya mji kwa lugha hiyo.

Wanawake waliingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili siasa yake ya kazi: badala ya kuchukua wanaume wa muda mfupi na kuwarudisha makwao, iliwaruhusu wakae kambini na wake zao, ikawagawia posho ya chakula. Yakafuata madarasa ya masista ya ushonaji na upishi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaenea vituo vilivyoitwa foyer social, ambamo mke wa mfanyakazi alifundishwa kufuma, kupiga pasi, kulea mtoto na kupika kwa namna ya Kibelgiji. Nia ya mafunzo hayo inaweza kuhojiwa, na imekwisha kuhojiwa na wanahistoria. Hata hivyo humo ndimo daftari lilimozaliwa. Mwalimu alisoma kwa Kifaransa, mwanafunzi akanakili kwa Kifaransa, kisha wote wawili wakafanya kazi kwa Kiswahili. Mgawanyo huo wa lugha haukupita na ukoloni. Umedumu hadi leo: kiasi na majina ya vitu huandikwa kwa Kifaransa, utendaji husemwa kwa Kiswahili.

Majina yenyewe yanatosha kuonyesha njia mbili za ustaarabu mmoja. Msemaji wa Dar es Salaam au Mombasa anasema keki na chokoleti, maneno yaliyopitia Kiingereza. Wa Lubumbashi anasema gato na shokola, yaliyopitia Kifaransa, ingawa keki nalo linasikika, kwa kuwa Kifaransa chenyewe kilikopa neno hilo kwa keki ndefu ya chombo cha mstatili. Chokoleti na shokola ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yametoka katika lugha za Meksiko kupitia Kihispania. Neno lenye matata ni levire. Pwani kuna hamira, neno la asili ya Kiarabu, ambalo kwanza ni chachu hai ya mkate na maandazi. Kifaransa hutumia neno levure kwa chachu hiyo, na hulitumia pia, kwa kuongeza sifa ya kikemia, kwa unga mweupe wa kuumulia keki. Katika daftari sifa hiyo huachwa. Bibi alijua ni ipi. Mjukuu anayenunua sokoni huuziwa yoyote. Chachu hai haiwezi kuinua rojo la keki lenye siagi na sukari nyingi katika dakika chache za kusubiri, basi keki hutoka nzito kama tofali.

Hata ikiwa levire ni ile inayotakiwa, neno pakiti halijatulia. Pakiti ya Kifaransa ina gramu 11. Ya Kijerumani ina gramu 15 au 16. Na yai nalo? Mayai sita ya kuku wa kienyeji, yenye gramu 40 hivi kila moja, ni gramu 240. Mayai sita ya kuku wa kisasa, kama yale yanayoingia kutoka Zambia kwa mpaka wa Kasumbalesa, hukaribia gramu 360. Tofauti hiyo ni nusu nzima ya kiasi cha kwanza. Aliyeandika mayai sita mwaka 1955 hakuwa na sababu ya kufafanua, kwa kuwa kuku alionekana uani.

Wapishi wa zamani walikuwa na dawa ya tatizo hili. Keki ya msingi iliyofundishwa ni ile ambayo Wafaransa huiita robo nne: mayai hupimwa pamoja na maganda yake, halafu sukari, siagi na unga huchukuliwa kila kimoja kwa uzito ule ule. Mayai ndiyo mawe ya mizani. Yakiwa madogo keki ni ndogo, yakiwa makubwa ni kubwa, na uwiano haupotei. Kwa keki ya shokola sehemu ya tano hivi ya unga huondolewa na mahali pake hutiwa kakao. Mjukuu anayesoma «mayai 6, unga gramu 250» hatambui kwamba tarakimu hizo ni matokeo ya mayai ya siku moja na kwamba kanuni ilikuwa nyingine. Hivyo daftari limehifadhi jibu la hesabu na kupoteza hesabu yenyewe.

Kuna na jambo ambalo halikuandikwa popote, kwa kuwa kitabu cha asili kiliandikwa Ubelgiji, nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa huo. Hewa ni nyepesi zaidi. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi badala ya 100. Hewa inayozaliwa na levire, pamoja na mvuke na mapovu ya mayai, hupanuka kwa karibu sehemu moja kwa saba zaidi kuliko Antwerp au Ostend. Kuta za vitundu vya keki ni za ute wa mayai na wanga wa unga, nazo huhitaji muda wa kushikana kwa joto. Vitundu vikipanuka kabla ya kuta kukauka, hupasuka na kuungana, hewa hukimbia, na keki hudidimia. Wakati huo huo maji huvukia upesi zaidi, sukari hubaki nzito ndani ya rojo, na sukari iliyozidi huchelewesha kushikana kwa ute. Marekebisho yanayofaa mwinuko huu si makubwa: levire ipunguzwe sehemu moja kwa nane, sukari kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, maziwa yaongezwe vijiko viwili vikubwa kwa kikombe, na moto uzidishwe nyuzi kumi hivi ili keki ishikane mapema.

Hakuna mwalimu wa foyer aliyeyafundisha hayo kwa jina la fizikia. Bibi aliyafikia kwa kuharibu keki kadhaa, akayasema kwa Kiswahili: pakiti usiimalize, sukari usiijaze kikombe mpaka juu, moto uwe umekwisha kukolea kabla rojo halijaingia. Mtu aliyesimama kando hudhani ni tabia ya mzee ya kubania vitu. Kumbe ndiyo elimu.

Kupika kwenyewe huanza na kakao. Mkakao ni mti wa Amerika. Kongo huulima katika Mayombe, Équateur, na kwa wingi katika miongo ya karibuni huko Beni na Ituri. Katanga hauulimi, kwa kuwa kiangazi chake ni kirefu na mwinuko ni mkubwa. Kwa hiyo mbegu za nchi huvuka bahari, na kakao ya unga hurudi Lubumbashi ndani ya kopo lenye maandishi ya kigeni. Kopo hilo halina budi kusomwa. Kakao iliyotiwa alkali, kwa njia iliyoanzia kwa Waholanzi wa ukoo wa Van Houten katika karne ya 19, ni nyeusi na haina uchachu; ya asili ni nyekundu-kahawia na ni chachu. Anayetumia bikaboneti peke yake badala ya levire kwa kakao ya kwanza hatapata keki, kwa sababu bikaboneti hutaka asidi ili itoe hewa, isipokuwa aongeze maziwa ya kuganda au maji ya limau. Kakao ya aina yoyote humwagiwa kwanza maji yanayochemka kidogo na kukorogwa iwe uji mzito. Ikitiwa kavu hunywa maji ya rojo na kuacha madonge.

Siagi au margarini hupigwa pamoja na sukari mpaka iwe nyeupe. Hapo mwiko hauruhusiwi kuharakishwa: chembe za sukari ndizo zinazochimba vitundu vya kwanza ndani ya mafuta, na levire haitengenezi vitundu vipya, bali hujaza vile vilivyopo. Viini huingia kimoja kimoja, kisha uji wa kakao uliopoa, kisha unga uliochekechwa na levire, ukipishana na maziwa. Ute uliopigwa ukawa povu huja mwisho, nao hufunikwa kwa rojo taratibu kutoka chini kwenda juu, haukorogwi. Unga ukishaingia, kupiga sana huufanya uwe na mvuto kama wa mkate, na keki hupasuka mgongo.

Kuhusu moto, daftari linasema moto wa wastani na linanyamaza. Wenye tanuru la umeme walikuwa wachache, na walio nalo leo hawana hakika ya umeme. Keki iliyokatikiwa umeme katika dakika ya kumi na tano haiokoki. Ndiyo maana mbabula haijawahi kuondoka uani. Sufuria kubwa hutandikwa mchanga mkavu, huwekwa juu ya makala mpaka mchanga uwake joto, chombo cha keki huwekwa juu ya mchanga bila kugusa ubavu, kifuniko hufunikwa na makala machache hupangwa juu yake. Moto wa juu ndio unaopika uso, wa chini ni wa kutegemeza, hivyo makala ya chini hupunguzwa mara tu rojo linapoingia. Kiswahili cha pwani kina kitenzi kimoja kwa tendo la kuweka makaa juu ya kifuniko, nacho ni kupalia. Mpishi wa Zanzibar aliyepalia wali na yule wa Katuba aliyezungushia keki makala juu na chini wanafanya kazi ile ile. Wa pili husema kwa maneno manne au matano kile ambacho wa kwanza anasema kwa moja, na huo si upungufu wa akili wala wa lugha; kila jiko hutunga msamiati wa kile kinachopikwa kila siku.

Keki haichunguliwi kabla ya nusu saa. Kijiti kikichomwa katikati na kutoka kikavu, imeiva. Kwa sababu ya moto wa mbabula kutolingana, ni afadhali tabaka tatu nyembamba zipikwe moja moja kuliko keki nene moja ikatwe. Anayekata hutumia uzi: huuzungusha katika alama ya kisu iliyokatwa pembeni, huvusha ncha mbili na kuzivuta. Kisu huvunja, uzi hupita.

Krimu ya katikati katika madaftari mengi haina malai, kwa kuwa malai hayakupatikana. Ni maziwa, mara nyingi ya unga, yaliyochemshwa pamoja na sukari, kakao na maizena kidogo mpaka yakawa mazito. Yakishapoa hutiwa kidogo kidogo katika margarini iliyopigwa. Siri yake ni joto moja. Krimu ya moto huyeyusha margarini, na krimu baridi sana huifanya igande na kuachana na maji. Mwezi wa Oktoba, jua la Lubumbashi linapokuwa kali kabla ya mvua, margarini huvumilia kuliko siagi. Mwezi wa Julai adui ni ukavu: tabaka hupakwa maji ya sukari yaliyopoa, na keki hufunikwa kwa kitambaa ingali na uvuguvugu kidogo. Keki iliyounganishwa hulazwa usiku mmoja. Unyevu wa krimu huingia katika tabaka, na ladha ya kakao hukolea.

Madaftari haya yanabeba pia alama za wakati wa shida. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya mali zake kutaifishwa mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 ilizalisha chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa, kisha ikakoma kuwa na maana. Mke aliyefundishwa keki ili apambe nyumba ya mfanyakazi wa mfano alijikuta akiilisha nyumba hiyo kwa kuuza maandazi na vipande vya keki. Mpishi wa namna hiyo alilazimika kupunguza: mayai sita kuwa matatu, siagi kuwa mafuta ya kupikia, tabaka tatu kuwa moja iliyokatwa miraba. Mapunguzo hayo, yakiandikwa pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, hayafai kufutwa na mjukuu mwenye kipato kizuri anayenakili daftari upya. Ni toleo la pili la maandishi, na toleo la pili lina haki ya kusomwa.

Mwanafunzi anayetaka kukusanya mapishi ya aina hii hukutana na kishawishi cha kuyasanifisha papo hapo. Aliyosikia ni «kamata mayai», anaandika «chukua mayai», na hasara si kubwa. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi hutumia kutosha kwa maana ya kutoa au kuondoa, kitendeshi cha kutoka, wakati Kiswahili sanifu hukitumia kwa maana ya kufikia kiasi kinachohitajika. Bibi anaposema saa ya kutosha gato, anataja dakika ya kuiondoa motoni. Msomaji wa pwani, na hata kijana wa Lubumbashi aliyezoea Kiswahili cha vitabu, huelewa muda wa kutosheleza, na keki huungua. Sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi iliyotolewa mwaka 2014 na Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, pamoja na msamiati wake, humpa mkusanyaji mahali pa kuegemea. Yafaa maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, na ufafanuzi uwekwe kando.

Vyombo navyo vipimwe vingali vipo. Maagizo ya mdomo husema kopo ya unga, na kopo hiyo ni kikombe fulani cha bati kilichopasuka mpini, kilichoko katika kabati fulani. Bati hilo likijazwa unga na kuwekwa juu ya mizani, huenda likaonyesha gramu 140 au 180. Hadi hapo hakuna anayejua. Pembe ya meza, katika nyumba hizo, kikombe hicho kwa kawaida ndicho kinachotupwa kwanza baada ya matanga, kwa kuwa kimechakaa, huku daftari likifungwa kwa karatasi ya nailoni na kuwekwa juu ya kabati.